Pasi, Friza na Nukta Moja

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina mita moja ya umeme na watu wengi. Chumba cha mbele, chenye mlango wa kutokea barazani, amepanga fundi cherehani. Vya katikati ni vya Mama na wajukuu. Cha mwisho, karibu na uani, ni cha Shangazi, dada wa marehemu baba, mwenye friza kubwa nyeupe ya kugandishia barafu za ukwaju na za ubuyu. Mita imefungwa ujiani, juu kidogo ya mlango wa fundi, na ugomvi wa nyumba yetu ulianzia hapo.

Wanaoishi nyumba za kupanga wanaujua ugomvi huu. Watu wanachangishana, umeme unanunuliwa, tokeni inaingizwa, namba za mita zinapanda. Kisha zinashuka upesi kuliko walivyotazamia, na kila mmoja anaanza kumtazama mwenzake. Kwetu mchango ulikuwa nusu kwa nusu, Shangazi nusu na fundi nusu, na Mama akiongeza chake kwa ajili ya taa, feni na televisheni. Cherehani ya fundi ni ya miguu, haili umeme. Kinachokula ni pasi, nayo ina sura ya mwenye hatia: ukiichomeka kitaa chekundu kinawaka, waya unapata joto, mvuke unapanda kwenye kitambaa kilichonyunyiziwa maji, na kila apitaye ujiani anaona kwa macho yake kwamba hapa kuna kitu kinatafuna. Friza imekaa chumbani kwa Shangazi imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pana jagi la maua ya plastiki. Hakuna aliyeishuku.

Mambo yaliharibika msimu wa harusi. Fundi alipokea kazi ya sare za kina mama wa mtaa, magauni ya kitenge kimoja kwa wanawake wa vimo vyote, na Mama alikuwa mmoja wao. Pasi ikawa inawaka asubuhi na jioni. Umeme uliozoeleka kufika mwisho wa wiki ukawa unaishia katikati. Siku moja nyumba ikaingia giza wakati wa taarifa ya habari, na Shangazi akatoka chumbani kwake ameshika kandili.

"Wifi," alimwambia Mama, "huyu fundi wako atatufilisi. Na arudi kwenye pasi ya mkaa kama mafundi wa zamani."

"Mkaa nao unauzwa, mama," fundi alijibu kutoka chumbani kwake. "Na cheche moja ikirukia kitenge cha mtu, nitakayelipa ni mimi."

"Basi lipa umeme unaoumaliza!"

"Nalipa nusu, mama yangu. Nusu nzima!"

Mama akawaomba wote wawili wakalale. Asubuhi, kwenye chai, mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuwa Kidato cha Pili, akasema neno lililobadilisha mwendo wa jambo lote. "Mjomba, hapa kuna vitu viwili tusivyovijua. Friza kwa saa moja inakula kiasi gani, hatujui. Pasi kwa saa moja inakula kiasi gani, hatujui. Tukipata milinganyo miwili tunavipata vyote."

Nilifurahi sana kumsikia. Somo hilo hufundishwa mwanzoni kabisa mwa sekondari, na wengi huliacha kwenye karatasi ya mtihani. Yeye alikuwa ameliona limekaa ujiani kwetu, kwenye mita.

Lakini kwanza lilikuja swali la haki, na Mama ndiye aliyeliuliza: kwa nini tusiizime friza siku nzima, tukapima pasi peke yake? Jibu lilikuwa mle ndani ya friza. Shangazi alikuwa na barafu za kuuza shuleni wiki nzima, na kuizima friza ni kuzimwaga. Fundi naye hakuweza kuiweka pasi chini hata siku moja, maana harusi ilikuwa inakaribia na mikunjo haisubiri. Vyote viwili vilipaswa kuendelea kufanya kazi, na mita inajua kujumlisha tu, haitaji jina la mlaji. Ingewezekana kuzima kimoja na kukipima kingine, nisingemwomba mtoto wa watu atoe daftari la aljebra.

Tukaweka masharti. Tangu saa moja asubuhi hadi saa nane na nusu mchana, televisheni, feni na taa vizimwe, na simu zisichajiwe. Fundi aandike kila anapochomeka pasi na kila anapoichomoa. Mpwa wangu asome mita saa moja na tena saa nane na nusu, kwa tochi, kwa sababu ujia ni wa giza na nukta ya ile mita ni ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Nilimsisitiza aandike tarakimu zote, pamoja na zile mbili za nyuma ya nukta. Mtu akisema "thelathini na moja hivi" ameshaharibu kazi.

Siku ya kwanza mita ilisoma 31.40 asubuhi na 29.15 mchana. Uniti 2.25 zilikuwa zimekwenda. Friza ilifanya kazi saa 7.5, yaani muda wote. Pasi, kwa kujumlisha vipande vya daftari la fundi, saa 1.5. Tukiita ulaji wa friza kwa saa f, na wa pasi p, habari ya siku ile inaandikwa hivi:

7.5f + 1.5p = 2.25

Mlinganyo huu peke yake hauamui kesi. Pasi ingeweza kuwa inakula 1.5 kwa saa na friza isile kitu, na hesabu ingekubali. Friza ingeweza kula 0.3 kwa saa na pasi isile kitu, nayo ingekubali. Shangazi na fundi walikuwa wamegombana muda wote huo juu ya jumla moja, na jumla moja humpa kila mtu ushahidi anaoutaka.

Siku ya pili umeme ulikatika. Ulikatika saa tatu asubuhi ukarudi saa sita mchana, na katikati yake Shangazi alifunua friza mara kwa mara kuzikagua barafu zake, akafanya hali iwe mbaya zaidi, kwa kuwa kila akifunua, baridi ilitoka. Za juu zililainika. Akawaita watoto wa jirani wazile bure kuliko zimwagike, ua ukajaa watoto wenye midomo ya rangi ya ukwaju, na yeye amekaa kigodani shavu mkononi. Umeme uliporudi, fundi, aliyekuwa amesubiri na rundo la magauni, aliishika pasi na hakuiacha. Mwisho wa kipimo friza ilikuwa imefanya kazi saa 4.5 tu, pasi saa 2.5, na mita imeshuka kutoka 26.02 hadi 23.39. Uniti 2.63.

4.5f + 2.5p = 2.63

Nyumba nzima ililaani kukatika kule, nami namhurumia Shangazi hadi leo kwa barafu zake. Kwa upande wa hesabu, hata hivyo, kukatika kule ndiko kulikotuokoa, na nitaeleza sababu.

Jioni ile nilikwenda Pangani kwa shughuli zangu, nikamwachia mpwa wangu amalizie. Niliporudi kesho yake jioni nilimkuta fundi barazani anafunga cherehani yake kwa kamba. Magauni yalikuwa yamekunjwa kwenye mfuko wa salfeti, mengine hayana mikono bado. Mama amesimama mlangoni na gauni lake lisilo na pindo, anasema, "Mwanangu, subiri angalau harusi ipite." Shangazi alikuwa ndani, lakini sauti yake ilikuwa nje.

Kilichotokea ni hiki. Kijana alikuwa amekokotoa, akapata majibu, akayatangaza mbele ya watu: friza inakula uniti 1.4 kwa saa, pasi inakula uniti 8. Nane kwa saa! Shangazi hakusikiliza ile ya friza. Alichukua nane, akazidisha kwa saa mbili ambazo pasi huwaka kwa siku, akapata uniti 16, akarudi nyuma miezi yote ambayo fundi amekaa kwetu, na kumwambia kwamba ana deni la kutosha kununulia friza nyingine.

Fundi aliponiona hakusema kitu. Aliichukua pasi yake, akaigeuza, akaniletea karibu na macho. Ubavuni palikuwa na kibandiko kilichofifia, lakini kinasomeka: 1000W.

"Kaka," aliniambia, "mimi hesabu za herufi sikusoma. Nimesoma futi na inchi. Lakini fundi umeme aliyeniuzia hii aliniambia wati elfu moja kwa saa moja ni uniti moja. Hiyo nane nimeitoa wapi?"

Alikuwa na haki kabisa. Uniti moja ya umeme ni kilowati moja ikifanya kazi kwa saa moja. Pasi ya wati 1000 haiwezi kuzidi uniti moja kwa saa hata ikikesha, na kwa kawaida haifiki hiyo moja, kwa sababu ikishapata moto wa kutosha hujizima yenyewe, ikipoa kidogo hujiwasha. Ndiyo maana kile kitaa chekundu huwaka na kuzimika. Na bila kibandiko chochote, mita yenyewe ilikuwa imeshakataa: kama pasi ingekula 8 kwa saa, zile saa 1.5 za siku ya kwanza zingemaliza uniti 12, na mita ilishuka 2.25 tu.

Nilimwomba fundi aifungue kamba ya cherehani, nikamwita mpwa wangu na daftari lake.

Kazi yake ilikuwa safi, mistari imenyooka, na kosa lilikuwa mstari wa kwanza kabisa. Alitaka kuondoa nukta kabla ya kuanza, na hilo ni jambo jema. Upande wa kushoto aliona namba zina tarakimu moja nyuma ya nukta, akazidisha kwa 10. Upande wa kulia akaona namba ina tarakimu mbili nyuma ya nukta, akazidisha kwa 100. Akapata:

75f + 15p = 225
45f + 25p = 263

Kila namba imekuwa nzima, macho yanaridhika, na mizani imeshapinduka. Mlinganyo hukubali uuzidishe kwa chochote upendacho, isipokuwa sifuri, kwa sharti moja: unachoupa upande wa kushoto uupe na wa kulia, kila kipande bila kuruka. Yeye aliukuza upande wa kulia mara kumi zaidi ya wa kushoto. Baada ya hapo aliendelea vizuri kabisa. Alitafuta kigawe kidogo cha shirika cha 15 na 25, ambacho ni 75. Akazidisha wa kwanza kwa 5 na wa pili kwa 3, akatoa, pasi ikaondoka, ikabaki 240f = 336. Hivyo f ni 1.4. Akarudisha, p ikawa 8.

"Lakini nilihakiki, Mjomba," alisema, na machozi yalikuwa karibu. Akanionyesha: 75 mara 1.4 ni 105, 15 mara 8 ni 120, jumla 225. Imekubali.

Hapa naomba mwenye mtoto shuleni asome taratibu. Alihakiki kweli, lakini alihakiki kwenye mlinganyo ambao ameshauharibu, na mlinganyo ulioharibiwa utakubali jibu lililoharibiwa siku zote. Uhakiki wenye maana hurudi kwenye maneno ya kwanza, zile namba zilizotoka kwenye mita zikiwa na nukta zake: 7.5 mara 1.4 ni 10.5. Huhitaji kufika kwenye pasi. Friza peke yake imeshapita 2.25, kwa hiyo jibu ni batili. Mstari mmoja wa uhakiki wa namna hiyo ungemwacha fundi akishona.

Jambo jingine lililofanya kosa lile lipite bila kugunduliwa ni kwamba majibu yote mawili yalikuwa yamekua mara kumi sawasawa. Uwiano wa pasi na friza haukuharibika. Aliyetaka tu kusikia kwamba pasi inakula zaidi kwa saa alisikia alichotaka, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Tukaanza upya mezani pa fundi, tumesukuma vitenge pembeni. Namba yenye tarakimu nyingi nyuma ya nukta ndiyo inayoamua. Kulia kuna mbili, basi kila kitu kizidishwe kwa 100, kushoto na kulia:

750f + 150p = 225
450f + 250p = 263

Nilikuwa nataka kuendelea, mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, huu wa kwanza wote unagawanyika kwa 75." Akaandika 10f + 2p = 3. Nilimpigia makofi pale pale. Mlinganyo uliokuja na nukta tatu sasa unasomeka kwa pumzi moja. Akauzidisha kwa 125 ili pasi ifike 250 kama kwenye wa pili:

1250f + 250p = 375
450f + 250p = 263

Akatoa wa chini kwenye wa juu. Pasi ikajifuta, 250 kwa 250. Kushoto zikabaki 800f, kulia 112. Friza: 0.14 kwa saa. Akairudisha kwenye ule mfupi: 10 mara 0.14 ni 1.4, 3 ukitoa 1.4 ni 1.6, nusu yake ni 0.8. Pasi: 0.8 kwa saa. Kisha, bila kuambiwa, akarudi kwenye namba za mita. Siku ya kwanza, 1.05 na 1.20, jumla 2.25. Siku ya pili, 0.63 na 2.00, jumla 2.63. Fundi alikuwa ameinama juu ya daftari na penseli yake ya kukatia nguo, akaweka alama ya vema kila mstari ulipokubali.

Kuna walimu wanaopenda wanafunzi wabaki na nukta hadi mwisho. Inawezekana: zidisha wa kwanza kwa 2.5, wa pili kwa 1.5, pasi inakuwa 3.75p kote, na ukitoa unapata 12f = 1.68, jibu lile lile. Mimi sishauri, hasa kwa anayejifunza. Ukitoa 3.945 kwenye 5.625 lazima nukta ikae chini ya nukta, na mkono uliochoka huisogeza. Ziondoe kwanza, kwa haki pande zote mbili, kisha ufanye kazi na namba nzima.

Usiku ule, kijana akiwa bado mnyonge, nilimsimulia kwamba kutoa mstari mzima kwenye mstari mwingine ni kazi ya zamani mno. Wachina waliifanya kwa vijiti vya kuhesabia vilivyopangwa safu safu, nayo imeandikwa katika sura ya nane ya kitabu chao cha sura tisa za hesabu, kitabu ambacho Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263. Fumbo la kwanza la sura hiyo ni la mavuno. Matita matatu ya nafaka ya daraja la juu, mawili ya kati na moja la chini yanatoa vipimo 39. Mawili, matatu na moja yanatoa 34. Moja, mawili na matatu yanatoa 26. Tita moja la kila daraja linatoa ngapi? Majibu ni 9 na robo, 4 na robo, na 2 na robo tatu. Mpwa wangu akayaandika upesi 9.25, 4.25 na 2.75, akayajaribu yote matatu, yakakubali. Nikamwambia kwamba uandishi wa namna hiyo, wa kuendeleza tarakimu baada ya namba nzima badala ya sehemu, al-Kashi aliufafanua kule Samarkand katika kitabu alichokimaliza mwaka 1427, na Simon Stevin akaueneza Ulaya kwa kijitabu cha mwaka 1585. Alilala akiwa na nafuu.

Sasa nirudi kwenye kile kukatika kwa umeme. Tuseme siku ya pili ingekuwa sawa na ya kwanza, friza saa 7.5 na pasi 1.5. Mlinganyo wa pili ungekuwa ule ule, na ukiutoa kwenye mwenzake kila kitu kinafutika, inabaki sifuri ni sawa na sifuri, na hujajua lolote. Hata zikitofautiana kidogo tu hatari ipo. Chukua siku yenye friza 7.5 na pasi 1.6, mita ikashuka 2.33. Ukitoa ya kwanza, 0.1p = 0.08, na pasi ni 0.8. Sawa. Lakini aliyesoma mita kwa tochi akiona 2.34, pasi inakuwa 0.9; akiona 2.32, inakuwa 0.7. Tarakimu moja ya mwisho, kosa la jicho, na mtu analipishwa zaidi. Kwenye siku zetu mbili, zilizotofautiana kwa sababu ya kukatika kule, kosa kama hilo lingeisogeza pasi hadi 0.81 hivi na kuishia hapo. Ukitaka hesabu yako iwe imara, tafuta siku mbili ambazo hazifanani.

Shangazi hakuridhika na karatasi. "Friza ikitoka kukatika hufanya kazi kwa nguvu zaidi," alisema, na ni kweli, hoja nzuri iliyomstahili mwenye friza. Tukakubaliana tupime siku nyingine, umeme usipokatika. Friza saa 8, pasi nusu saa. Kabla ya kusoma mita kijana aliandika utabiri ukutani kwa chaki: 1.52. Mita ikashuka 1.55. Tofauti ya 0.03, na Shangazi mwenyewe akasema, "Haya, hiyo si kitu."

Ndipo ikaja sehemu ambayo hakuna aliyeitarajia. Pasi kwa saa inakula karibu mara sita ya friza, hilo halina ubishi. Lakini pasi huwaka saa mbili kwa siku, kwa wastani, siku sita za wiki. Friza haijui Jumapili wala usiku. Mara 24, ile 0.14 inakuwa 3.36 kwa siku, na kwa siku 30 ni 100.8. Pasi, saa mbili kwa siku 26 za kazi, ni 41.6. Katika kila uniti kumi walizokuwa wakila wawili hawa, saba zilikuwa za friza na tatu za pasi. Fundi tuliyekaribia kumfukuza alikuwa miezi yote hiyo akimlipia Shangazi sehemu ya barafu zake.

Ujia ukawa kimya. Shangazi aliangalia ule ukuta wenye chaki, akaingia chumbani kwake. Alipotoka alikuwa na noti mkononi, akampa fundi mbele yetu sote. "Mwanangu," alisema, "nimekudhulumu kwa mdomo na kwa mfuko. Hii ya mfuko nairudisha leo."

Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akamalizia gauni la Mama usiku ule ule, na pasi iliwaka hadi saa tano bila mtu kuisemea. Siku zilizofuata Shangazi aliisogeza friza mbali na ukuta ili nyuma ipate hewa, akayeyusha barafu nene iliyoganda kwenye kuta za ndani, akabadilisha mpira wa mfuniko uliokuwa umechanika pembeni. Mchango wa umeme sasa ni saba kwa tatu, na daftari la fundi limetundikwa chini ya mita pamoja na penseli.

Wewe unayechangia mita na wenzako, kabla hujamnyooshea mtu kidole pima siku mbili zisizofanana, andika saa za kila chombo, na usiache tarakimu yoyote nyuma ya nukta. Na ukishapata majibu, yarudishe kwenye namba ulizozisoma mwenyewe kwenye mita ndipo uyatangaze.